Yuka huchanua ugenini bila kuzaa. Tupande mimea ya kwetu

Mtu akipita siku hizi katika mitaa mipya inayochipuka pembezoni mwa jiji la Nairobi, toka Kitengela na Syokimau hadi Ruiru, hatakosa kuuona mmea mmoja uliosimama kwa madaha karibu na lango la nyumba. Ni mmea wenye shina nene la rangi ya kijivu na majani marefu yaliyochongoka mfano wa panga. Huyu atakwambia kuwa ni aina ya mnazi wa mapambo. Yule ataapa kuwa ni mkonge uliokosa mashamba. Na aliyeununua kitaluni kwa bei isiyo ndogo atatamka, kwa fahari, kwamba hiyo ni yuka. Huyu wa mwisho ndiye aliyepatia. Ni yuka, na asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati.

Makala haya hayakusudii kumlaumu aliyeipanda. Yuka ni mmea mzuri, tena hauna gharama ya maji. Lakini lipo swali moja ambalo limekuwa likinisumbua kila niuonapo: kwa nini watu wa huko unakotoka ukoo wa mmea huu wameanza kuuthamini kwa sababu ni wao, ilhali sisi twauthamini kwa sababu si wetu?

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, msomaji aniruhusu nianze na jina. Jina hili lilizaliwa kwa kosa. Wataino, waliokuwa wenyeji wa visiwa vya Karibi kabla ya kufika kwa Wahispania, waliuita muhogo kwa neno ambalo Wahispania walilichukua na kuliandika *yuca*. Mwishoni mwa karne ya 16, mmea mgeni wenye majani ya upanga ulifika Uingereza kutoka Amerika. Mtaalamu wa mitishamba wa London, John Gerard, aliupanda katika bustani yake akidhani kuwa huo ndio muhogo aliosikia ukisimuliwa na mabaharia. Dhana hiyo akaitia katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1597. Baadaye wataalamu waling'amua kuwa mmea ule haukuwa muhogo hata kidogo, lakini jina lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Mwaka 1753 Linnaeus, yule Mswidi aliyeratibu majina ya mimea yote iliyojulikana zama zake, aliliidhinisha likiwa na herufi moja zaidi: *Yucca*. Hadi leo katika masoko ya Marekani herufi hiyo moja ndiyo inayomtenga mnunuzi wa muhogo na mnunuzi wa pambo la bustani.

Ajabu ni kwamba mimea hii miwili haina hata udugu wa mbali. Muhogo uko katika ukoo mmoja na mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe ambao wazee wetu waliupanda kuwa ua wa boma. Yuka nayo iko katika ukoo mmoja na mkonge. Kwa hivyo yule jirani anayeiita yuka mkonge hayuko mbali sana na ukweli kama tunavyodhani. Tutarudi kwa mkonge baadaye, maana una kisa chake.

Sasa hebu tuitazame yuka ikiwa nyumbani kwao. Zipo aina zaidi ya 40, nazo zimetapakaa kutoka nyanda za kusini mwa Kanada hadi Amerika ya Kati. Wengi wameona picha za ile kubwa ya Jangwa la Mojave iitwayo mti wa Joshua, yenye matawi yaliyoinuliwa kama mikono ya mtu anayeomba. Lakini inayofaa zaidi kwa mazungumzo yetu ni ndogo na nyenyekevu: *Yucca glauca*, yuka ya nyika. Hii humea katika uwanda mpana wa katikati ya Marekani, mahali penye upepo mkali, kiangazi cha kuunguza na kipupwe cha theluji. Majani yake ni membamba, ya rangi iliyo kati ya kijani na kijivu, na kingo zake hutoa nyuzi nyeupe. Mizizi yake huzama mita kadhaa ardhini kutafuta unyevu ambao nyasi haziwezi kuufikia. Mvua ikikatika, mmea huu hautikisiki.

Wenyeji wa asili wa nchi hiyo waliufahamu kama mtu anavyolifahamu ghala lake. Kutokana na majani ya jamii hii ya mimea walisokota kamba, wakasuka vikapu na kutengeneza makubazi. Mizizi yake ikipondwa na kutiwa maji hutoa povu, nayo ilikuwa sabuni yao. Miongoni mwa Wanavajo na Wahopi, kuosha nywele kwa povu la yuka si jambo la usafi tu; ni sehemu ya sherehe zao hadi leo. Walowezi wa Kizungu walipofika waliiona kazi hiyo ya sabuni, lakini jina waliloupa mmea huo kwa Kiingereza lina maana ya "gugu la sabuni". Msomaji na alizingatie neno hilo, gugu. Waliutumia, lakini hawakuuheshimu. Waling'oa yuka na nyasi fupi za nyika, kisha wakatandika mbele ya nyumba zao zulia la nyasi za Ulaya, ili wajihisi kwamba hawakuhama.

Zulia hilo lilikuwa na kiu. Mji wa Denver, ulio katika jimbo la Colorado, hupata chini ya milimita 400 za mvua na theluji kwa mwaka mzima, kiasi ambacho mkulima wa Kitui angekiita njaa. Hata hivyo kila nyumba ilitaka uwanja wa kijani kibichi, na karibu nusu ya maji ya nyumba zenye viwanja yalimwagwa nje, juu ya nyasi. Ukame ulipowabana, wakubwa wa maji wa mji huo walibuni mwaka 1981 neno jipya, ziriskepu, kwa kuunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya ukavu na neno la Kiingereza la mandhari. Maana yake ni bustani iliyopangwa ili iishi kwa maji machache: mimea inayostahimili ukame iwe pamoja, udongo ufunikwe usikauke, na nyasi zibaki pale tu zinapotumika. Neno hilo limeenea duniani. Nasi katika Kiswahili tungeweza kusema "bustani stahimilivu", na hapo tusingepungukiwa na kitu.

Tangu hapo mambo yameendelea kwa kasi. Huko Las Vegas, mji unaotegemea kwa sehemu kubwa kabisa maji ya Mto Colorado, mamlaka ya maji imekuwa ikiwalipa wenye nyumba ili wang'oe nyasi zao. Mwaka 2021 jimbo la Nevada lilipitisha sheria inayokataza, kuanzia mwaka 2027, kunyweshea maji ya mto huo nyasi za pambo tupu katika eneo hilo, yaani zile za kando ya barabara na mbele ya maduka, ambazo hakuna mtoto azichezeaye. Ndipo yuka, lile gugu la jana, lilipoitwa tena nyumbani. Jimbo la New Mexico halikuwa na haja ya kukumbushwa, kwani lilikwisha kuchagua ua la yuka kuwa ua lake rasmi tangu mwaka 1927.

Kuipanda yuka ya nyika nyumbani kwake si kazi ngumu, lakini kuna miiko yake. Kwanza huhitaji jua la kutwa. Kivulini hudhoofika na haichanui vizuri. Pili hutaka udongo usiotuamisha maji, wa kichanga au wenye kokoto, maana kinachoiua aghalabu ni maji mengi na wala si kiu. Tatu, ipandwe ikiwa changa. Kwa sababu ya mzizi wake mrefu, yuka iliyokomaa ikichimbuliwa nyikani huwa imekatwa roho yake, na wengi wanaoiiba porini huishia kupanda maiti. Mwaka wa kwanza inyweshwe kwa kiasi mpaka ishike; baada ya hapo iachiwe mawingu. Haitaki mbolea ya haja. Isipandwe kando ya njia ya watoto, kwa kuwa ncha za majani yake ni sindano. Aliyepanda mbegu na asubiri miaka kadhaa kabla ya kuliona ua la kwanza. Ni mmea wa mtu mwenye subira.

Na ua hilo lina siri. Mashuke ya yuka hubeba maua meupe yaliyoinama kama kengele, nayo hufunguka vizuri zaidi jioni. Wakati huo hutokea nondo mdogo, mweupe vilevile, ambaye maisha yake yote yamefungamana na mmea huo. Nondo jike hukusanya chavua, akaifinyanga kuwa donge na kuibeba chini ya kichwa chake kwa viungo maalumu vya kinywani. Huruka hadi ua jingine, akatoboa kifuko cha mbegu na kutaga mayai ndani yake. Kisha hupanda juu na kuishindilia ile chavua mahali panapostahili, ili mbegu zitungike. Viwavi wake wakianguliwa hula baadhi ya mbegu, nyingine husalia na kuwa yuka za kesho. Akitaga mayai kupita kiasi, mmea aghalabu huliangusha ua hilo pamoja na mayai yake. Ni mkataba usioandikwa, na mmea una namna ya kumwadhibu mwenziwe akiuvunja. George Engelmann, daktari na mtaalamu wa mimea wa mji wa St. Louis, ndiye aliyewaona nondo hao wakiwa kazini mwaka 1872, na mwenzake Charles Valentine Riley akaifafanua siri hiyo kwa ulimwengu.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Nondo huyo hayuko Kitengela. Hayuko Ruiru wala Nyali. Yuka iliyopandwa kwetu yaweza kutoa shuke la fahari lenye maua mamia, wapita njia wakasimama kulitazama, lakini jioni ikifika hakuna mgeni anayebisha hodi. Maua hunyauka yakaanguka, na kwa kawaida hakuna mbegu. Wauza miche huizidisha kwa kukata vipande vya shina. Mmea huo unaishi, tena unaishi vizuri, lakini hauzungumzi na chochote kilichouzunguka. Ni sawa na mtu aliyehamia nchi ambayo hakuna ajuaye lugha yake: atakula, atalala, atazeeka, lakini maneno yake hayatapokewa na mtu.

Mwenye kupinga atasema: kuna hasara gani? Haili maji mengi, haimdhuru mtu, na macho yanafurahi. Nakubaliana naye kwamba yuka ya mapambo si adui. Hata hivyo, sina budi kumkumbusha kwamba si kila mgeni kutoka Amerika aliyekuja na sifa ya kustahimili ukame alikuwa mpole. Katika miaka ya 1980 uliletwa Baringo mti ambao sasa Wakenya wote wanaujua kwa jina la mathenge. Ulisifiwa kuwa ungezuia jangwa na kutoa kuni. Umetoa kuni kweli, lakini umefunika malisho, umeziba mapito ya maji, na mbuzi waliozoea kula maganda yake matamu wameharibika meno, hata wakazi wa huko wakafika mahakamani kudai haki yao. Kule Laikipia, mpungate ulioanza kama pambo na ua wa nyumba umesambaa katika malisho, na miiba yake midogo huwajeruhi mifugo vinywa na matumbo. Waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda walikuwa wameona mengi.

Wala isidhaniwe kwamba ubaya uko katika mimea ya Amerika peke yake. Zile nyasi ambazo dunia nzima huziita nyasi za Kikuyu ni za kwetu, za nyanda za juu za Afrika Mashariki. Huku Limuru ng'ombe huzila na mvua huzilea bila mtu kushika mpira wa maji. Zilipopelekwa California kuzuia mmomonyoko wa udongo zilikimbia mipaka, na leo zimo katika orodha ya magugu hatari ya Marekani. Mmea hauna dhambi ya kuzaliwa nayo. Dhambi huanza pale unapohamishwa bila kuulizwa ulikuwa ukiishi na nani. Zaidi ya hayo, nyasi hizo hizo za Limuru ukizitandika Athi River utazinywesha kila jioni. Ndiyo maana nasema kwamba uzawa wa mmea haupimwi kwa mpaka wa nchi, bali kwa udongo na mvua ya mahali.

Basi je, sisi wa nchi kavu za Kenya hatuna yuka zetu? Tunazo, na nimeahidi kurudi kwa mkonge. Wengi wetu tukilisikia neno hilo huona mashamba ya Thika, Voi na Kilifi. Mkonge huo wa mashamba ni mgeni. Uliingia Tanganyika mwaka 1893 mikononi mwa Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida; vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Lakini neno "mkonge" lilikuwapo kabla ya Hindorf. Kamusi za zamani za Kiswahili zatuonyesha kwamba lilikuwa jina la mmea wa kwetu wenye majani mazito yenye nyuzi, ambao wataalamu waliuita *Sansevieria* na ambao hivi karibuni wameuhamishia katika jenasi ya *Dracaena*. Watu wa pwani na wa bara walisokota kamba na nyuzi kutokana nao. Mgeni alipofika akiwa na nyuzi ndefu zaidi na soko la Ulaya nyuma yake, alipewa jina la mwenyeji, naye mwenyeji akabaki akiitwa "mkonge pori". Nayajua majina mengi yaliyohama kutoka kitu hadi kitu, lakini ni machache yaliyomfukuza mwenye nyumba namna hii.

Mmea huo ni wa ukoo mmoja na yuka, kwa maana halisi ya elimu ya mimea na wala si kwa methali. Nao haukukosa heshima kwa waliouishi nao. Wamaasai huita aina mojawapo *oldupai*, na kutokana na neno hilo ndiko lilikotoka jina la lile bonde mashuhuri la Tanzania ambalo Wazungu waliliandika vibaya na kuliita Olduvai, mahali palipofukuliwa mabaki ya kale ya binadamu. Wanafunzi wetu hukariri jina la bonde katika somo la historia. Ni wangapi wanaojua kwamba wanalitaja jani? Na ni wangapi kati ya watu wazima wenye bustani waliowahi kuufikiria mmea huo, ambao tembo wa Tsavo huutafuna kwa ajili ya maji yake wakati wa kiangazi, kuwa unafaa kusimama langoni pao?

Mwingine ni mshubiri. Kenya ina zaidi ya aina 50 za mshibiri wa porini, baadhi yake hazipatikani penginepo duniani. Ule unaotajwa kwenye chupa za mafuta na sabuni ni mmoja tu, wa asili ya Bara Arabu. Wa kwetu una majina kila uendako: Wakamba huuita *kiluma*, Wakikuyu *thukurui*, Wamaasai *osuguroi*, Waluo *ogaka*. Palipo na majina mengi kiasi hicho pamekuwa na matumizi mengi. Utomvu wake umetibu watu na mifugo, na mizizi yake ilitumika kuchachisha pombe ya asali. Huchanua mara nyingi wakati wa ukavu, na maua yake mekundu na ya machungwa huwapa chakula nyuki pamoja na ndege aina ya chozi pale ambapo maua mengine yamekwisha. Hapo ndipo tofauti yake na yuka ya langoni inapodhihirika. Mshubiri uliopandwa Machakos haukai kimya. Alfajiri moja tu ya kuchanua, wageni wake wamekwisha kufika.

Anayetaka kuupanda hatapata taabu. Achague mahali penye jua, ainue tuta kidogo kwa mchanga na kokoto ili maji yasituame, kisha apande mvua za vuli zinapokaribia. Aina nyingine za mshubiri hutoa machipukizi ubavuni; chipukizi likisha kutenganishwa, liachwe kivulini siku chache hadi kidonda kikauke, ndipo lipandwe. Nyingine, kama *Aloe secundiflora*, kwa kawaida husimama pekee na hupandwa kwa mbegu. Mkonge pori hugawanywa kwa kukata shina lake la chini ya ardhi, na kipande chochote chenye jani na mizizi kitashika. Ncha zake ni kali kama za yuka, kwa hivyo usiwekwe mahali wanapochezea watoto. Wakati mmea ungali mchanga, mtungi mmoja wa maji mara moja moja watosha. Yule anayenunua maji ya mkokoteni kila mgao unapochelewa ataielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Onyo moja ni la lazima. Mimea hii isichimbwe porini. Mshubiri wetu uliwahi kuvamiwa na wafanyabiashara wa utomvu kiasi kwamba mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wake wa porini, na mwaka 2007 zikatungwa kanuni za kuelekeza biashara hiyo kwa mshubiri unaopandwa na kusimamiwa. Mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini nao unazihusu aina zote za mshubiri isipokuwa ule mmoja wa chupa. Mpenzi wa mimea ya kwetu anayeijaza bustani yake kwa kuutia umaskini mlima wa Baringo hajapenda kitu. Amebadilisha mahali pa kupora. Amwulize mwenye kitalu mche umetoka wapi, na asipopata jibu la kuridhisha, aende kwingine.

Najua wenye vitalu watajitetea kwamba wao huuza kinachoulizwa. Wana haki. Mnunuzi hawezi kuuliza kitu asichokijua jina. Na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko ile ya maji. Mtoto aliyekulia mtaani leo anaweza kutaja kwa Kiingereza aina tano za mimea ya mapambo, lakini ukimwonyesha mshubiri atakwambia ni "kitu cha dawa", na mkonge pori ataupita kana kwamba hakuuona. Bibi yake anayejua jina, na anayejua ni jani lipi hukatwa na lipi huachwa, yuko kijijini, na mazungumzo yao ni ya dakika mbili kwenye simu. Lugha haifi kwa kukosa sarufi. Hufa jina moja baada ya jingine, na jina hufa pale kitu chake kinapoondoka mbele ya macho. Kinyume chake ni kweli pia: kitu kisicho na jina hakina mtetezi. Hakuna aliyewahi kuandamana kwa ajili ya kichaka.

Nchi yetu haijapumzika kutokana na mafunzo ya hali ya hewa. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwishoni mwa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Mwaka 2024 mafuriko yalifuata. Serikali nayo ilitangaza mwezi wa Desemba 2022 azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Azma ni njema. Lakini hesabu ya bilioni haituambii ni miti gani, wala kwamba chozi na nyuki watapata chao. Itakuwa hasara juu ya hasara tukifikia idadi kwa kutapakaza mathenge wengine wenye majina mapya.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu yasiyohitaji kamati. Shule zenye klabu za 4K zitenge tuta moja la mimea ya mahali pale, na kila mmea uwekewe kibao chenye jina lake katika lugha ya wenyeji na katika Kiswahili. Kaunti zinazopamba barabara zianze na mshubiri na mkonge pori katika sehemu kavu, badala ya nyasi zinazonyweshwa kwa malori ilhali mitaa ya jirani haina maji. Na mwenye nyumba, kabla ya mvua za vuli kuanza, amwulize mzee mmoja wa kwao swali moja: hapa palipojengwa, kabla ya mawe na mabati, paliota nini na mliitaje?

Kuhusu ile yuka iliyokwisha kupandwa langoni, na iachwe isimame. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi usiku. Lakini apandiwe mwenyeji ubavuni. Wamarekani wamehitaji miaka mingi na mito iliyokauka ili waache kuliita gugu lile lililokuwa lao tangu mwanzo. Kama tuna la kuiga kwao, tuige hilo, na wala si mche.